Suruali ya Kijivu

Kila siku baada ya masomo, Sindano alipitia dukani kwa baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Duka lilikuwa chumba kimoja cha ghorofani, juu ya duka la muuza vyombo. Lilikuwa na dirisha pana, cherehani mbili, meza ya kukatia vitambaa na pasi ambayo haikupata kupoa mpaka jioni. Jina la Sindano alipewa na baba yake, na hakupewa bure. Alikuwa mwembamba, jicho lake halikupitwa na kitu, na akikutania ulijua umetaniwa.

Baba yake alikuwa mshonaji wa suruali na makoti. Mtaa mzima ulimwita Bonge la Fundi, kwa kuwa alikuwa hodari wa kazi na pia alikuwa mnene kwelikweli. Mwenyewe alicheka akiitwa hivyo. Alimfundisha binti yake kufumua mishono kwa wembe bila kujeruhi kitambaa, kushona vifungo, na kushona kwa mkono mshono mdogo unaonyooka kama wa cherehani. Wateja waliposifu kazi hiyo, baba alimwonyesha binti yake kwa kidole gumba, na Sindano alijifanya hakuona huku masikio yakipata moto kwa furaha.

Duka hilo lilikuwa na sheria moja: mteja hapimwi akiwa amevuta tumbo. Siku moja dereva wa lori alikuja kupimwa. Mara tu futi ya kupimia ilipomzunguka kiunoni, alishika pumzi na kujibana mpaka macho yakamtoka.

"Vuta zaidi, kaka," baba alimwambia kwa upole. "Ukifika mwisho nitakushonea kaptura ya chekechea."

Dereva aliangua kicheko, tumbo likashuka mahali pake, na hapo hapo baba akaikaza futi na kusoma namba. Baada ya mteja kuondoka, alimgeukia Sindano na kumweleza kwamba anayevaa nguo ni yule anayepumua. Yule aliyejibana hayupo, na ukimshonea yeye, suruali itarudi dukani siku ya pili.

Lakini kwa mwili wake mwenyewe, fundi huyo alikuwa na mambo mengine. Kutwa alikaa kwenye cherehani, chupa ya soda ikiwa karibu na mguu wake, na alikula kila alicholetewa na wateja wenye shukrani. Magoti yakaanza kumuuma. Kupanda ngazi za duka kukawa safari. Hatimaye daktari wa zahanati alimpima, akamwambia sukari yake imepanda na kwamba uzito ulikuwa unamdhuru. Alimtaka abadilishe chakula, afanye mazoezi, na arudi zahanati mara kwa mara ili waone mwili unavyoitikia.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa akiishi nchi nyingine. Yeye mwenyewe alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula huko, na alikuwa amepungua sana. Aliposikia habari za kaka yake alipiga simu, akasema hospitali anaijua, mahali pa kulala papo, na yuko tayari kumpokea.

Jioni hiyo palizuka mjadala mezani. Mama aliona ni mapema mno. Alisema daktari ameshaonyesha pa kuanzia, na safari ya kupasuliwa si safari ya kwenda harusini. Baba alisema ameshajaribu kujinyima mara nyingi, na kila mara unene ulirudi na jamaa zake. Waliposhindwa kukubaliana, baba alikwenda chumbani akarudi na suruali yake ya kijivu, ambayo aliishona kwa mkono wake na ambayo kiuno chake hakikufunga tena.

"Hii ndiyo mizani yangu," alisema. "Nitakula anavyotaka daktari na nitatembea. Ikifunga kabla ya likizo ya shule, siendi popote. Isipofunga, namfuata dada yangu."

Mama alitikisa kichwa, lakini alikubali. Sindano alikusanya sahani. Kule shuleni, rafiki yake alikuwa amemsimulia jirani aliyekwenda kupasuliwa ng'ambo akarudi mgonjwa, na maneno hayo hayakuwa yamemtoka kichwani. Usiku alipofumba macho alimwona baba yake akipunga mkono kwenye mlango wa ndege. Aliogopa kwamba akiondoka hatamwona tena.

Wiki za mwanzo baba alijitahidi kweli. Alikuwa akitoka alfajiri na mapema kutembea, akirudi shati limelowa. Soda ikaondoka chini ya cherehani. Mama alipunguza mafuta na kujaza mboga kwenye nusu ya sahani, na baba alizila huku akilalamika kwamba anageuzwa sungura. Kila Jumapili alijaribu suruali. Kifungo na tundu lake vilikaribiana kidogo tu, kisha vikagoma. Uso wake ulikuwa ukisinyaa, na siku moja Sindano alimsikia akiuliza kwenye simu kuhusu nauli ya ndege.

Basi Sindano akafanya jambo ambalo mtoto wa fundi tu ndiye angeweza kulifanya. Baba alipokwenda kununua zipu, alifumua mshono wa nyuma wa suruali ya kijivu. Ndani yake mlikuwa na kitambaa cha ziada ambacho fundi mzuri hukiacha, iwapo mwenye nguo atanenepa. Alikiachia kidogo, akashona upya kwa mkono, mshono mdogo ulionyooka, na kupiga pasi mpaka alama ya zamani ikafutika. Ili rangi isimsaliti, hakutumia uzi mpya. Alichomoa uzi uliopauka kwenye pindo la mguu wa suruali hiyo hiyo, na pindo akalishona kwa uzi mwingine ambao hakuna ambaye angeuona.

Jumapili iliyofuata kifungo kiliingia tunduni.

Baba alizunguka nyumba nzima akijipapasa kiuno. Alimwita Mama, akawaita majirani, akampigia Shangazi kumwambia asiandae kitanda. Sindano alicheka pamoja nao, na kwa siku chache moyo wake ulikuwa mwepesi.

Kisha mambo yakaanza kuharibika. Baba aliona ameshinda, na aliyeshinda hutaka kupumzika. Matembezi ya alfajiri yakawa ya siku moja moja, halafu yakakoma. Soda ikarudi mahali pake karibu na mguu. Mama alipomkumbusha siku ya zahanati, alimjibu kwamba suruali imeshatoa majibu, ya nini kumsumbua daktari. Na suruali ilipoanza kubana tena, Sindano aliifumua mara ya pili, akamalizia kitambaa chote kilichobaki.

Siku moja alipotoka shuleni alimkuta baba yake katikati ya ngazi za duka. Alikuwa ameshikilia chuma cha pembeni kwa mikono miwili, jasho likimtiririka, akihema kama mtu aliyekimbizwa. Alipomwona binti yake alijitahidi kutabasamu, akapiga kiuno chake.

"Usijali, Sindano. Ni joto tu. Si unaona suruali inavyokaa?"

Maneno hayo yalimchoma. Alimsaidia baba yake kupanda, akamletea maji, akasubiri mpaka pumzi zikatulia. Kisha akasimama mbele ya meza ya kukatia.

"Baba, si kupungua kwako kulikofanya suruali ifunge. Mimi ndiye niliyeifumua nyuma. Mara mbili."

Baba alikwenda nyuma ya pazia la kubadilishia nguo. Aliivua akavaa nyingine, akaigeuza ile ya kijivu ndani nje, akaipeleka dirishani penye mwanga. Alipitisha kidole gumba juu ya mshono, polepole, kutoka kiunoni kwenda chini na kurudi.

"Uzi huu umeutoa wapi?"

"Kwenye pindo. Nilitaka rangi ifanane."

Aliugeuza mguu wa suruali akalitazama pindo. Sindano alitamani afokewe.

"Miaka yote hii nashona, na nimekaa juu ya mshono huu bila kuujua," baba alisema hatimaye. "Mkono wako ni mzuri, mwanangu. Ndiyo maana umeniumiza. Kwa nini ulifanya hivi?"

Hapo Sindano alilia. Alisema aliogopa baba atasafiri, apasuliwe, asirudi. Baba alimvuta karibu akamfuta machozi kwa kipande cha kitambaa cha bitana.

"Ungeniambia kwamba unaogopa, tungeubeba woga huo sote wawili. Hili la kunidanganya umeniachia nimelivaa peke yangu, nikapita nalo mitaani nikijisifu." Sauti yake ikalainika. "Na mimi nina kosa langu. Nani aliniambia suruali ni daktari?"

Walimweleza Mama yote, na kesho yake walikwenda zahanati wote watatu. Daktari, mwanamke mwenye miwani na maneno machache, alimpima baba uzito, sukari na shinikizo la damu. Aliwaambia kwamba kwenye wiki zile za kutembea mwili ulikuwa umeanza kupungua, kwa kuwa hata sasa, pamoja na soda zote, baba hakuwa amerudi pale alipoanzia. Baba alitazama chini. Alikuwa kwenye njia iliyokuwa ikimfikisha, akaiacha kwa kudhani amefika.

Sindano alikusanya ujasiri akauliza kama upasuaji ule unaua.

"Kila upasuaji una hatari zake, nami sitakuficha," daktari alimjibu. "Lakini huo si uchawi, wala si aibu. Kuna watu ambao chakula na mazoezi pekee havikuwatosha, si kwa uvivu wao, na upasuaji umewasaidia. Ila mtu akishafanyiwa, bado anabadilisha ulaji, anatumia vitamini, na anaangaliwa na madaktari maisha yake yote. Akifanyiwa mbali kisha akarudi, lazima ajue nani atamwangalia huku. Nikiona baba yako anauhitaji, nitasema, na tutaupanga vizuri. Kwa sasa mwili wake umeonyesha kwamba unaitikia. Tuendelee nao kwa ukweli."

Jioni walimpigia Shangazi, naye hakukasirika hata kidogo. Alisema upasuaji ulimwokoa na hajutii, lakini kaka yake asidhani alikwenda kununua wembamba dukani.

"Tumbo walinipunguzia wao," alisema akicheka, "lakini mdomo nimeachiwa mimi. Kutembea natembea, mboga nakula, na daktari ananiona kila wakati. Nilipaswa kukueleza hayo kabla ya kukutajia kitanda."

Siku iliyofuata Sindano alirudisha kiuno cha suruali ya kijivu palepale kilipokuwa tangu mwanzo. Safari hii baba alikuwa amekaa kando yake akitazama kila mchomo wa sindano, na Sindano alipomaliza, baba aliitundika ukutani dukani mahali ambapo kila mteja aliiona.

Kuanzia hapo baba alimsindikiza Sindano shuleni kwa miguu kila asubuhi, kisha akaenda dukani kwa njia ndefu. Aliinua meza ya kukatia kwa matofali ili afanye kazi amesimama. Kulikuwa na siku mbaya. Siku moja Sindano alimkamata na soda mkononi, na badala ya kunyamaza alimwambia, naye akaiweka chini huku akinung'unika kwamba amezaa askari. Uzito ulishuka taratibu, ukasimama, ukashuka tena. Majibu yote waliyachukua zahanati, na yalipokuwa mabaya waliyasema hivyo hivyo mezani.

Likizo ilifika suruali ikiwa bado haijafunga, na baba hakusafiri, kwa sababu aliyekuwa akiamua sasa ni daktari, si suruali. Ilifunga likizo iliyofuata, Shangazi alipokuwa amekuja kuwatembelea. Sukari ilikuwa imeshuka, na ngazi za duka baba alizipanda akisimulia hadithi bila kukatiza. Bonge alikuwa bado bonge, lakini bonge anayepumua. Daktari alisema safari ya upasuaji haihitajiki kwa sasa, na Mama, ambaye si mtu wa kusifu ovyo, alimtazama mumewe kutoka kichwani hadi miguuni akasema, "Baba Sindano, umependeza."

Siku hiyo baba aliwakusanya dukani, akatandika mezani kitambaa kipya cha bluu. Alimwita Sindano, akamvisha futi shingoni kama anavyovaa yeye. Mbele ya Mama na Shangazi alisema suruali yake mpya itapimwa, itakatwa na kushonwa na fundi mpya wa duka. Shangazi alipiga makofi, na Mama aligeukia dirishani akijifanya anatazama barabara.

"Mwanangu," baba alisema, "mkono ule ule ulionidanganya ndio ninaoukabidhi kitambaa changu, kwa kuwa ulirudi ukasema kweli. Mwili unataka kuambiwa ukweli, hata ukiwa mchungu. Ukijua ulipo, utajua pa kwenda, iwe ni kwa sahani na viatu au kwa kisu cha daktari. Ukidanganywa, unakaa palepale ukidhani umefika. Haya, nipime."

Sindano aliizungusha futi kiunoni mwa baba yake. Na hapo, mbele ya dada yake na mkewe, Bonge la Fundi alishika pumzi akavuta tumbo lote ndani.

"Endelea kuvuta tu, Baba," Sindano alisema bila kucheka. "Ukimaliza, suruali hii nitaivaa mimi shuleni."

Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka. Tumbo lilishuka mahali pake, na Sindano akaikaza futi, akasoma namba kwa sauti ili wote wasikie.