Posa Mbili za Mwalimu wa Makerere

Asubuhi ya gulio pale Newala, mwaka 1957, Ambrosi alikuwa akirudi kinyumenyume huku akisikiliza wazee wawili wakibishana juu ya neno moja la Kimakonde. Akapiga teke ndoo ya maji. Yakamwagika yote, na Newala watu walikuwa wakipanga foleni bombani tangu alfajiri.

"Bwana, una macho manne na bado hukuiona?" aliuliza mwenye ndoo.

Alikuwa Bibiana, mwalimu wa shule ya wasichana, gauni lake la maua ya buluu limelowa hadi magotini. Ambrosi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa kijana wa Lupaso aliyekuwa akifundisha Makerere, na sasa amerudi kusini kutafiti mila za ndoa, akianzia Masasi.

"Nisamehe, dada. Nitapanga foleni mimi."

Akapanga, na koti lake la sufu katika jua lile, akina mama wakimcheka mpaka wakashika mbavu. Bibiana naye alibaki kumsimamia. Zamu ilipofika, walikuwa wanataniana kama watu waliokua pamoja.

Tangu hapo kila jioni Ambrosi alimsindikiza kutoka shuleni.

"Leo umetafiti nini, mpenzi wa wazee?"

"Leo namtafiti mjomba wako."

Na kweli alikwenda. Mzee Selestini, ndugu wa mama yake Bibiana, alimkaribisha barazani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sema shida yako."

"Nataka kujua, kijana akimpenda binti wa hapa, aanzie wapi?"

"Huja kwa mjomba wake."

"Akishafika, asemeje?"

Mzee alimtazama kwa upole. "Aseme kama unavyosema wewe, mwanangu. Umefanya vizuri."

Akampa jogoo. Ambrosi aliona huo ni ukarimu tu, akashukuru.

Usiku ule ukoo mzima ulijua kwamba Bibiana ameposwa. Yeye mwenyewe alijifanya amekasirika kutoulizwa, kisha akajifungia chumbani akacheza peke yake.

Furaha ikadumu hadi Jumamosi. Emilia, binamu yake, alifika kutoka Tandahimba akiwa anameremeta.

"Dada, nimeposwa! Kijana wa Makerere, mwenye miwani. Mjomba wangu kule Tandahimba amempa jogoo."

Mchana ule Ambrosi aliteremka kwenye lori lililotoka Tandahimba akiwa na jogoo huyo wa pili kwapani, akamkuta Bibiana amesimama mbele yake.

"Mumewe Emilia, karibu!"

"Emilia gani? Bibiana, niliuliza tu! Kule niliuliza maswali yaleyale ya kwenu. Ni utafiti!"

"Kwa hiyo na kwetu uliuliza tu?"

Ambrosi alimhamishia jogoo kwapa la pili. Akisema aliposa, ameposa wawili. Akisema hakuposa, basi hakumposa huyu.

"Nenda na kuku wako," Bibiana alisema, akageuka akaenda zake.

Emilia aliporudi Tandahimba siku ileile, Ambrosi alimfuata, akaomba radhi kwa wazee na kwa Emilia mwenyewe. Emilia alilia kidogo, kisha akacheka: "Hata hivyo miwani yako ilinitia wasiwasi." Kesho yake alfajiri Ambrosi alikuwa barazani kwa Mzee Selestini, shati halijafungwa sawasawa.

"Safari hii unauliza au unaposa?" Mzee alikuwa mkali.

Mila zote alizozikusanya tangu Masasi zikamponyoka. Hakukumbuka hata kusalimu.

"Namtaka Bibiana, mjomba. Nikimkosa, sijui nitaishije. Sina swali."

"Hivyo sivyo inavyosemwa hata kidogo."

"Najua."

Mlango wa ndani ukafunguka, Bibiana akatoka, macho mekundu.

"Emilia umemwambia?"

"Nimemwambia. Amenisamehe kabla yako."

Bibiana aliuma mdomo asicheke, akashindwa.

"Mjomba, mkubalie upesi," alisema, akiketi karibu na Ambrosi na kuanza kumfunga vifungo vya shati, "kabla hajakumbuka kwamba kuna wajomba wengine Masasi."