Alichokula Shungi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kimya alizoa kinyesi bandani na kumjazia ng'ombe wao, Shungi, ndoo ya maji. Jina la Kimya alipewa na shangazi yake aliyemlea, kwani maneno yalimtoka kwa tabu kama sarafu mfukoni mwa bahili. Banda lilikuwa na vyumba viwili. Kimoja kilikuwa kitupu tangu ng'ombe wao wa kwanza afe ghafla, na Kimya hakuthubutu kukipa mgongo. Mara nyingine alihisi pumzi ya joto ikitoka humo.

Asubuhi moja Shungi hakucheua. Alisimama ameinamisha kichwa, anasaga meno, ubavu wa kushoto umetuna. Kinyesi chake kilikuwa majimaji, kinanuka uchachu, na chembe za mahindi zilionekana ndani yake. Nywele zilimsisimka Kimya. Yule aliyekufa alisimama hivi hivi.

"Shangazi, njoo!"

Shangazi alitazama, akashika kiuno. "Hili ni jicho la watu. Maziwa yameongezeka, majirani wanatuonea kijicho." Hata hivyo alituma aitwe daktari wa mifugo.

Daktari alipofika, alikandamiza ngumi kwenye ubavu wa Shungi, akasubiri.

"Tumbo limelala, halisagi chakula," alisema. "Mama, amekula nini?"

"Majani, Daktari. Kama kawaida."

"Majani hayafanyi hivi. Dawa nitakayompa inategemea jibu lako."

"Nimeshasema majani! Au nimemlisha mawe?"

Kimya alitazama kile chumba kitupu. Alifundishwa kwamba mtoto hamuumbui mkubwa mbele ya mgeni. Lakini aliona kama yule aliyekufa amesimama gizani, anamtazama, anasubiri.

"Ni unga wa mahindi," alisema. "Ndoo nzima, tangu juzi. Na hamira. Shangazi alisikia hamira hulinda tumbo la ng'ombe, basi akazidisha unga ili apate maziwa zaidi."

Shangazi aliinama. Daktari hakumkemea, alimnywesha Shungi maji yenye magadi, akaagiza apewe majani makavu tu.

"Unga mwingi hugeuka asidi tumboni," alieleza. "Ipo hamira maalumu ya mifugo, nayo huwasaidia vijidudu wazuri wa tumboni kuipunguza. Lakini haiwezi kuzima moto ambao wewe mwenyewe unauchochea. Unga huongezwa kidogo kidogo."

Jioni Shungi alianza kucheua. Shangazi alikaa kizingitini.

"Yule wa kwanza pia nilimpa unga," alinong'ona. "Nilipoulizwa, nikasema majani. Niliona haya."

"Umenikasirikia, Shangazi?"

"Nimekasirika mpaka masikio yanawaka." Alimvuta Kimya karibu. "Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha, na aliyekufa hakuwa na kosa. Ukijua ukweli unaoweza kuokoa uhai, useme, mwanangu, hata kama wa kuaibika ni mimi. Kesho Daktari akirudi, utamjibu wewe. Nami nitasimama kando yako, nisikie."