Raba za Breki na Mawe ya Nyatichi

Kila alfajiri, kabla ya kunywa chai, Nyatichi alikuwa na kazi moja ambayo mtu mwingine hakuruhusiwa kuigusa. Aliondoa mawe mawili yaliyozuia lori la baba yake.

Boma lao lilikuwa juu ya mteremko, pale Suna mjini Migori. Baba yake, Okari, aliegesha lori likitazama chini, ili betri ikigoma aliachilie lishuke kidogo na kuwaka. Na betri iligoma mara nyingi. Lilikuwa Bedford la pua ndefu, lenye umri mkubwa kuliko Okari mwenyewe, na watoto wa jirani walilicheka wakisema linakohoa kama babu kabla ya kuamka. Nyatichi hakuupenda mzaha huo. Lori hilo ndilo lililomsomesha. Ndilo lililobeba ndizi za mama yake, Dorah, na za wanawake wenzake wa sokoni hadi Kisegi, kando ya ziwa, kisha likarudi na magunia ya omena, dagaa wa ziwani.

"Nyatichi, toa mawe," baba alisema kila asubuhi kutoka kwenye usukani.

"Yametoka, Baba," alijibu, na hapo lori lilianza kuteremka polepole.

Jumatano moja ya likizo ya Aprili, Nyatichi aliruhusiwa kupanda mbele na baba hadi sokoni. Walipofika kwenye mteremko wa kuingia sokoni, baba alikanyaga breki. Pedali ilizama mpaka chini. Akaikanyaga tena, ikazama tena. Mbele yao kulikuwa na boda boda, mikokoteni na mwanamke aliyejitwika beseni la nyanya.

"Shika kiti," baba alisema.

Alibadilisha gia kwa nguvu mpaka lori likanguruma, akapiga honi bila kuachilia, kisha akalielekeza kwenye rundo la murramu, udongo wa kujengea barabara, lililokuwa kando. Lori lilichimba pua yake humo na kusimama. Yule mwanamke wa nyanya alikuwa hatua chache tu mbele yao. Baba alishuka akajishika kiuno.

Lori lilivutwa hadi bomani, na Fundi Werema akaitwa. Alikuwa Mkuria mrefu asiyependa maneno mengi, ila utani kidogo. Alifungua gurudumu la mbele, akatoa kitu kidogo cheusi chenye umbo la kikombe, akakiweka kwenye kiganja cha Nyatichi.

"Unaona? Hii ni raba ya breki. Ndiyo inazuia mafuta ya breki yasimwagike ukikanyaga. Imekwisha. Lori zima limesimama kwa sababu ya kitu unaweza kuficha mdomoni."

"Tutapata nyingine?" baba aliuliza.

"Hii gari waliacha kuitengeneza zamani sana, Mzee. Tutafute tu."

Walitafuta. Nyatichi alizunguka na baba kutoka duka moja la spea hadi jingine, raba kuukuu mkononi. Mwenye duka mmoja aliitazama akacheka, akauliza kama hilo lori lilikuja na wamishonari. Mwingine alileta raba ya lori la aina nyingine. "Chukua hii, Mzee. Iko karibu sawa," alisema. Baba alitaka kuichukua, kwa kuwa ndizi za akina mama zilikuwa zimekwisha kukatwa na zilitakiwa kuondoka Jumapili. Lakini Werema aliipima kwa vidole, akairudisha juu ya kaunta.

"Kwa breki hakuna karibu sawa," alisema. "Kwanza hawa kina mama watakaa juu ya mzigo, na ule mteremko wa kuelekea ziwani unaujua."

Baba aliujua. Dorah pia angekuwa juu ya mzigo huo.

Ijumaa asubuhi, baada ya kuambiwa na dereva mmoja mzee wa malori, Okari na binti yake walikwenda Homa Bay. Waliulizia mpaka wakaonyeshwa duka dogo karibu na soko la samaki. Mwenyewe alikuwa mama mnene mwenye miwani, jina lake Beverlyne, aliyerithi duka hilo kwa marehemu mumewe pamoja na vumbi lake lote. Aliitazama ile raba, akaenda nyuma, wakasikia akihamisha mabati na kukohoa. Alirudi na mkebe mdogo uliokuwa bado umefungwa.

"Mume wangu aliziweka akisema siku moja mtu atakuja," alisema. "Nilimwambia anaota."

Ndani ya mkebe raba mpya zilikaa moja juu ya nyingine, kila moja ikienea barabara katika upana wa mkebe. Baba alifumba macho kidogo, akamshukuru Mungu kwa sauti ya chini. Alipotoka nje kumpigia Werema simu, Mama Beverlyne alimpa Nyatichi mkebe na kumshika bega.

"Sikia, nyathina. Nikikuita mwanangu ujue nasema kwa moyo. Hizi zisiguse petroli, zisiguse dizeli, wala oili. Zinaoshwa na mafuta ya breki peke yake. Sina zingine. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Walirudi Suna jua likiwa limeshainama. Familia ya Okari ni Waadventista, na Ijumaa jua likizama kazi zote husimama hadi Jumamosi jioni. Hata spana haiguswi. Werema hakuwa wa kanisa lao, lakini aliiheshimu saa hiyo, ingawa alilalamika akiwa chini ya lori.

"Hili jua lenu linazama haraka kuliko letu la kule Isebania," alisema. "Lete raba, Nyatichi. Mbio."

Nyatichi alikimbia. Kwa kuwa alikuwa amefungua mkebe njiani ili zitoke haraka, mguu uliponaswa na kamba ya turubai, raba zote zilimwagika kwenye mchanga. Aliziokota haraka. Zilikuwa zimejaa vumbi. Chupa ya mafuta ya breki ilikuwa chini ya lori, kando ya mkono wa Werema, na kuiomba kulikuwa sawa na kusema kwamba amezimwaga. Baba alikuwa amemsifu njia nzima kutoka Homa Bay kwamba mtoto huyu ana mkono wa uangalifu. Karibu naye kulikuwa na kopo la dizeli ambamo spana, nati na kila kitu cha fundi huoshwa. Alilikumbuka onyo la Mama Beverlyne neno kwa neno. Kisha akajiambia kwamba kuzichovya kidogo hakuwezi kudhuru, akazitia zote humo.

"Nyatichi!"

"Nakuja, Fundi."

Akampa moja baada ya nyingine, akizipangusa kwa kitambaa. Mikono ya Werema ilinuka dizeli tangu asubuhi, kwa hiyo hakushuku kitu. Wakati nati ya mwisho ilipokazwa, Dorah alikuwa mlangoni akiwaita kwa sala ya kuipokea Sabato. Baba alikanyaga pedali, ikasimama imara. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

"Binti yangu ndiye alizileta," aliwaambia watu wote wa nyumbani. Nyatichi alitazama miguu yake.

Siku iliyofuata aliimba na kwaya ya watoto lakini hakusikia alichokiimba. Baada ya chakula cha mchana wazazi walipopumzika, alikwenda pale lori lilipoegeshwa. Katika haraka ya jana, raba moja ya ziada ilikuwa imesahaulika ndani ya kopo la dizeli. Aliitoa, akaipangusa, akajaribu kuirudisha katika mkebe wake. Haikuingia. Akaisukuma kwa kidole gumba, ikakataa. Ilikuwa imevimba na kulegea, laini kama mandazi yaliyodumbukia kwenye chai.

Nyatichi alichuchumaa pale muda mrefu. Raba zilizokuwa ndani ya magurudumu zilikuwa zimeoshwa katika kopo lile lile. Akisema, safari itavunjika, ndizi zitaiva na kuoza, na Mama Beverlyne alishasema hana zingine. Asiposema, pengine zile za ndani hazikuvimba sana. Neno hilo "pengine" alilala nalo, akaamka nalo.

Jumapili kulipopambazuka, wanawake walikuwa wamekwisha kupanga mikungu mpaka juu. Mama Dolphine, aliyependa kuketi mahali pa juu kabisa, alikuwa tayari amejifunga leso kichwani. Dorah alipanda wa mwisho, akampungia binti yake mkono. Baba aliwasha lori, akakanyaga breki mara mbili.

"Imeshika," alisema kwa furaha. "Nyatichi, toa mawe."

Nyatichi aliinama, akaweka mikono juu ya jiwe la kwanza. Akilini alimwona tena yule mwanamke wa beseni la nyanya. Halafu alimwona mama yake mahali pa yule mwanamke. Badala ya kulivuta jiwe, aliliketia.

"Nyatichi, mawe."

"Sitoi, Baba."

Baba alitoa kichwa dirishani. "Umesema nini?"

"Sitoi. Breki si nzuri. Mimi niliziharibu." Alianza kulia, lakini aliendelea kusema huku analia, kwa sababu alijua akinyamaza hataweza kuanza tena. Alisimulia kamba, mchanga na kopo la dizeli, kisha akanyoosha mkono wenye ile raba iliyovimba.

Baba alizima lori. Alishuka akaichukua raba, akaigeuza kwa vidole, uso ukiwa mgumu. Mama Dolphine alilalamika kutoka juu kwamba ndizi hazingojei mtu na kwamba watoto wa siku hizi wana maneno. Baba alimpigia Werema.

Werema alipofungua gurudumu la kwanza, mafuta ya breki yalidondoka ardhini. Ndani kulikuwa kumelowa kote. Akachomoa raba moja kwa shida. Ilikuwa imepinda na kupoteza umbo.

"Hapa kwa boma ingeshika," alisema polepole. "Ukikanyaga mara mbili, tatu, inashika. Kule kwa mteremko, na mzigo huu, isingeshika."

Mama Dolphine alishuka kutoka juu ya mzigo bila kuambiwa. Alipita karibu na Nyatichi, akamgusa kichwa, akaenda kuketi kwenye ngazi ya nyumba.

Dorah naye alishuka, lakini hakumgusa. "Ulijua tangu jana," alisema. "Tumeomba pamoja, tumekula pamoja, na ulijua?"

"Niliogopa, Mama."

"Na mimi ndiye nilikuwa juu ya mzigo."

Ndizi ziliondoka saa nne kwa pikapu ya jirani, kwa safari mbili, na mikungu michache iliivia njiani. Mchana huo Nyatichi mwenyewe ndiye aliyempigia simu Mama Beverlyne. Baba alimpa simu mkononi. Alieleza kila jambo. Upande wa pili ikasikika pumzi ndefu.

"Nilikuambia, nyathina."

"Uliniambia, Mama. Nisamehe."

"Sasa sikia. Shemeji yangu ana gari kama hiyo hapa Homa Bay, nyuma ya nyumba. Kuku wanatagia ndani. Kama silinda zake za breki, zile zenye raba ndani, hazijaoza, mje na fundi mfungue. Na ulete huo mkebe, nikuonyeshe tena."

Walikwenda Jumatatu. Kuku walifukuzwa, wakarudi, wakafukuzwa tena. Werema alifungua magurudumu yaliyokwama kwa kutu mpaka jasho likamtoka. Silinda mbili zilikuwa zimeoza, lakini nyingine zilikuwa nzima, na raba zake zilitosha, zikiwa bado imara na safi kwa kuwa lori lile lilisimamishwa muda mfupi tu baada ya breki zake kutengenezwa upya. Waliporudi Suna, Werema alimkabidhi Nyatichi chupa ya mafuta ya breki.

"Osha wewe," alisema.

"Mimi?"

"Kuna mwingine hapa anajua vizuri kuliko wewe kitu dizeli inafanya?" Akatabasamu kidogo. "Hata mimi nina kosa. Ningezinusa. Nilikimbizana na jua."

Nyatichi aliziosha moja moja. Lori lilijaribiwa likiwa tupu kwenye mteremko, baba akiwa peke yake ndani, kisha likajaribiwa tena likiwa na mawe ya mzigo. Lilisimama kila mara.

Jioni hiyo, baada ya chakula, baba alimwita karibu na lori. Nyatichi alidhani sasa ndipo adhabu inakuja.

"Kuangusha raba si dhambi," baba alisema. "Hata mimi ningeweza kuziangusha. Ungeniambia saa ile ile, ningekukemea kidogo, tungeziosha, yakaisha. Lakini ulificha kosa dogo, na lilipofichwa likakua mpaka likatosha kumuua mama yako. Kosa liseme likiwa dogo, Nyatichi. Likiwa kubwa pia liseme, kama ulivyofanya Jumapili, hata kama watu wote wamekukasirikia. Nilikuwa na hasira siku ile. Sasa nikikumbuka ulivyoketi juu ya lile jiwe, nashukuru."

Nyatichi alilia tena, safari hii bila kuona haya.

Alfajiri iliyofuata kulikuwa na mzigo wa mahindi. Baba aliketi kwenye usukani, akatazama mbele. Nyatichi alikuwa ameinama, akichungulia ndani ya kila gurudumu kuona kama kuna mahali palipolowa. Alipitisha kidole, akakinusa.

Utingo aliangalia saa. "Mzee, si tuende? Mwambie atoe mawe."

"Hilo si la kuamua mimi," baba alisema. "Yeye akimaliza, ataniambia."

Wakangoja. Nyatichi alimaliza gurudumu la mwisho, akapangusa mikono kwenye sketi, akavuta jiwe la kwanza, halafu la pili.

"Yametoka, Baba."

Lori likaanza kuteremka polepole.