Matawi Chini ya Lango

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya chai, nilikuwa na kazi moja: ua. Mama ni muuguzi, na kabla ya kwenda zamu alinikabidhi mkasi mkubwa na reki, kisha akarudia maneno yale yale. Nipunguze michongoma, nisafishe mtaro wa barabarani, na matawi yote niyapeleke kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba.

"Na upande wa nje usiusahau," alisema. "Wapita njia wakikwepa miiba watajikuta barabarani, na magari hayo hayana huruma."

Kukata nilikata, tena vizuri. Shida ilikuwa kubeba. Yeyote aliyewahi kubeba michongoma anajua kuwa haina adabu hata kidogo! Inachoma mikono, inang'ang'ania sketi, inakwaruza shingo. Na shimo lenyewe liko mbali, nyuma ya banda la kuku. Basi mimi, hodari wa njia za mkato, nikagundua kalavati, yaani bomba la zege linalopitisha maji ya mtaro chini ya lango letu. Nikayasukuma matawi humo kwa reki mpaka yakapotea machoni. Nikafanya hivyo Jumamosi tatu. Mama akirudi alitazama ua, akauona umenyooka, akanisifu.

Nje ya lango letu, upande wa juu wa mteremko, palikuwa na kibanda cha fundi viatu. Sote tulimwita Mjomba Gundi kwa sababu vidole vyake havikuwahi kukosa gundi.

"Aa, mpwa wangu, umeshamaliza?" alinitania. "Au siku hizi umeajiri vibarua?"

Nilicheka, nikaingia ndani haraka asije akauliza zaidi.

Jumatatu jioni ilinyesha mvua kubwa. Asubuhi yake, nilipotoka kwenda shule, nilikuta watu wamejaa barabarani. Maji yalikuwa yamefurika mtaroni, yakavuka barabara na kuingia kwa fundi cherehani anayetazamana nasi. Alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha Mjomba Gundi, ameshika sare ya shule inayochuruzika matope.

"Ona! Sare kumi na mbili, zote hivi!" alifoka. "Mara ngapi nimekwambia vipande vyako vya ngozi vitatuzibia mtaro?"

"Dada yangu, vipande vyangu natia kwenye gunia. Gunia hili hapa."

"Gunia, gunia! Hama leo hii, tupumue!"

Watu wakaitikia, "Ahame!" Wanaume wawili wakaanza kung'oa bati la kibanda. Mjomba Gundi alivuta kasha lake, akaanza kupanga viatu kimoja kimoja, kila kimoja na mwenzake.

"Ngojeni kidogo tu," aliomba. "Hivi ni vya watu, visije vikapotea."

Nilijisikia vibaya mno. Niliona aibu, na woga pia, maana hakuna aliyenishuku na ningeweza kwenda zangu shule. Lakini mtu alikuwa anafukuzwa kazini kwake kwa sababu yangu. Mara nikamwona Mama anarudi kutoka zamu ya usiku, nikamkimbilia.

"Mama, siyo yeye! Ni mimi. Matawi niliyatia kwenye kalavati."

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Wote wakageuka. Sikungoja kuulizwa. Nilivua viatu, nikakimbilia reki ndani ya lango, nikashuka nayo mtaroni, nikavuta. Likatoka fungu la kwanza la miiba, la pili, la tatu. La nne lilipotoka, maji yaliyotuama yakaguruma na kupita chini ya lango. Hapakuwa na kipande cha ngozi hata kimoja.

"Lo! Miiba yote hii?" alisema fundi cherehani.

Nilidhani Mama angenigombeza hapo hapo. Lakini kwanza aliwaendea fundi cherehani na Mjomba Gundi.

"Nisameheni," aliwaambia. "Mtaro huu uko mbele ya kiwanja changu, kuutunza ni jukumu langu. Nilitazama ua tu, sikuinama hata siku moja kuangalia kalavati. Sare tutazifua mimi na binti yangu leo, akitoka shule."

Fundi cherehani akachukua viatu kwenye kasha na kuanza kuvirudisha mezani. "Niwie radhi, fundi," alisema kwa sauti ya chini. "Hasira zilinizidi."

Mjomba Gundi alinitazama pale mtaroni, matope yamenifika magotini.

"Umechelewa Jumamosi tatu, mpwa wangu," alisema. "Lakini ungechelewa robo saa zaidi, nisingekuwapo hapa."

Mama alinipa mkono nipande.

"Umeona?" alisema. "Kwetu halikuingia hata tone. Uvivu ulikuwa wetu, maji yakaenda kwa jirani, lawama akabebeshwa fundi. Mwenye kiwanja asipotunza ua na mtaro wake, wanaoumia ni watu wa nje. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaadhibiwa kwa kosa lako."

Siku hiyo nilifika shule nimechelewa, mikono imejaa mikwaruzo. Mwalimu aliniuliza sababu, nami nikamweleza yote, kuanzia Jumamosi ya kwanza.