Kiputo Kwenye Kioo cha Bafu

Rafiki yangu mmoja, fundi wa vioo, aliitwa na mama mmoja kubandika karatasi ya plastiki yenye maua kwenye kioo cha dirisha la bafu, ghorofa ya nne.

"Huku juu nani atakuchungulia, mama?" alimtania.

"Wewe bandika tu, mwanangu."

Akanyunyiza maji baridi ya sabuni, akabandika, akakamua viputo vya hewa kwa kipande cha mpira. Bafu likaingia giza. Kiputo kimoja kiligoma kutoka. Kila akikisukuma, kilirudi kikilia chwa, chwa, kama mtu anayelamba sahani. Akakitoboa kwa sindano.

Ute mzito wa vuguvugu ukamtiririkia kidole gumba, ukinuka kinywa kisichopigwa mswaki.

"Kimekuonja?" mama aliuliza kutoka mlangoni.

Akafuta ute kwenye suruali. Kidole kilikuwa cheupe, kimekunjamana, kama kilichonyonywa kutwa nzima.