Umekuja Kwangu au Umekuja Kikazi?

"Mwache! Nimesema mwache! Hamuoni kwamba analia?"

Vilio vikakatika sebule nzima. Wanawake waliokaa duara wakageuza shingo kumtazama mwanaume aliyesimama mlangoni, begi mgongoni, jasho linamtiririka, kidole kamnyooshea mama mmoja mnene mwenye koti la zambarau. Mama huyo alikuwa mshenga. Na msichana aliyemng'ang'ania mkono wa koti, akilia kwa sauti na kumwita mbwa anayeuza watoto wa watu kwa pombe na nyama, alikuwa Tian Xiuhe.

Xiuhe akafuta machozi kwa kiganja.

"Kok Wai? Umetokea wapi?"

"Nimekuja, mpenzi. Hakuna mtu atakayekuoza kwa nguvu nikiwa hai."

"Kunioza mimi?"

"Ndiyo! Nimesikia kwa masikio yangu tangu uwanjani. Unalia, mama yako analia, mshenga unamtukana..."

Bibi mmoja aliyekuwa pembeni akitafuna mbegu za alizeti akacheka mpaka ganda likampalia. Ikabidi apigwe mgongoni.

"Ndiye yule Mmalesia? Mungu wangu, anadhani bibi harusi ni wewe!"

Katikati ya duara, msichana mwingine akajifunua taulo usoni. Alikuwa Xiuman, mdogo wake Xiuhe, macho mekundu lakini meno yote nje.

"Bibi harusi ni mimi, kaka. Naolewa kesho asubuhi, na mume nimemtafuta mwenyewe."

"Sasa unalia nini?"

"Nisipolia watu watasema sina adabu, nimefurahi kumwacha mama. Dada ananisindikiza kulia."

"Na mshenga?"

"Lazima atukanwe," alijibu mshenga mwenyewe, amenuna. "Ndiyo kwanza nilikuwa naanza kufaidi matusi yangu, ukanikatiza."

Kok Wai aliwatazama mmoja mmoja. Mtu anaolewa na ampendaye, analia. Mtu anaitwa mbwa, anafurahi. Alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Watujia, kabila la kina Xiuhe, ni mwamba mtupu.

Huyu Lew Kok Wai ni mtu wa Ipoh, Malesia, fundi wa mashine za ujenzi. Kichina anakizungumza vizuri tu, ila desturi za kwao na za Hunan ya milimani, huku Uchina, ni mbingu na ardhi. Xiuhe aliwahi kufanya kazi Ipoh, akiongoza watalii wa Kichina mapangoni. Ndiko walikopendana, na penzi lao lilikuwa la kuchekwa na majirani kwa jinsi walivyogandana. Kisha Xiuhe akarudi kwao na neno moja tu mdomoni: njoo nyumbani, wazazi wakuone. Mwanaume akawa mtu wa nakuja, nakuja.

"Lakini na wewe Xiuhe," bibi alisema akivunja mbegu nyingine, "umemshinda kulia mwenye harusi. Zamu ni ya mshenga, wewe ukaingiza na habari za nguruwe."

"Bibi!"

"Nguruwe gani?" Kok Wai aliuliza.

Mama yake Xiuhe akasimama, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na aina hiyo ya mama ndiyo ya kuogopwa.

"Nguruwe tuliyemchinja kwa ajili yako. Sikukuu ya mwaka mpya ulisema unakuja. Nikaalika kijiji kizima waje kumwona mkwe. Ukapiga simu watu wameshakaa mezani."

"Mama, bosi alininyima ruhusa, mimi nili..."

"Walikula wakinitazama. Mpaka leo nikipita sokoni wananiuliza, mkwe hajambo?"

Kok Wai akainamisha kichwa. Hilo la nguruwe hakuwa amelijua. Xiuhe hakuwahi kumwambia. Alinyamaza tu, na mwenzake akadhani yameisha.

"Mama, nisamehe. Lakini safari hii nimekuja. Nimeacha kila kitu, nimekuja kwa ajili ya Xiuhe tu."

Xiuhe akainua uso. Kwa mara ya kwanza toka Kok Wai aingie, akamtazama kwa yale macho ya Ipoh.

Njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa fupi kuliko zote. Simu ikalia, Kok Wai akaibonyeza haraka apate kuinyamazisha, kumbe amebonyeza ujumbe wa sauti. Bosi wake, mzee Foo, hajui kuandika, yeye ni kusema tu. Sauti ikajaa sebuleni:

"Ah Wai! Umeshafika kwenye milima yako? Nipigie picha nzuri. Lakini kesho asubuhi nakutaka Changsha, kiwandani, tunasaini zile pampu za zege. Nimekupa siku moja utalii, usiniongezee!"

Mbegu za alizeti zikaacha kuvunjwa.

"Kok Wai," Xiuhe aliita taratibu. "Umekuja kwangu au umekuja kikazi?"

"Nimekuja... vyote viwili. Sikiliza, kama si kazi nisingepata nafasi ya..."

"Nafasi."

"Sikumaanisha hivyo."

"Ulimwambia bosi wako unakuja kuona mlima. Hukumwambia kuna mtu."

Mama akakusanya vikombe vya chai kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Xiuhe, wewe si mwongoza watalii? Basi huyu ni mtalii. Mpandishe mlimani, apige picha zake, ashuke, akapande treni. Tusije tukasemwa tulimnyima mgeni."

*

Xiuhe alivaa koti lake la kazi, akajifunga kipaza sauti kiunoni, akachukua na kibendera. Njia nzima alitangulia mbele kama anaongoza kundi. Wakapanga foleni ya lifti iliyojengwa mwambani. Walipofika juu, ukungu umefunika kila kitu, hata uzio unauona ukishaugonga.

Akawasha kipaza sauti.

"Mgeni mheshimiwa, karibu mlimani. Mkono wako wa kulia kuna nguzo za mawe zinazosifiwa dunia nzima. Leo huzioni."

"Xiuhe, tafadhali. Zima hicho kitu."

"Mkono wako wa kushoto kuna bonde. Nalo hulioni. Na hapa katikati, mgeni mheshimiwa, kuna mwanaume aliyemwambia msichana nakuja, msichana akamwambia mama yake anakuja, mama akachinja nguruwe."

Kina mama watatu wenye mitandio ya rangi kali, waliokuwa wakigombania mahali pa kupigia picha, wakasogea. Walidhani ni sehemu ya maelezo.

"Halafu ikawaje?" mmoja aliuliza.

"Hakuja."

"Mshenzi! Alikuwa na mke mwingine?"

"Hana. Alikuwa na bosi."

"Afadhali angekuwa na mke," alisema wa pili, na wenzake wakakubali. Wa tatu akamgeukia Kok Wai. "Kijana, wewe unasemaje kuhusu mwanaume wa namna hiyo?"

"Mimi... sijui, shangazi."

"Hajui! Vijana wa siku hizi hawajui kitu." Wakaondoka zao kutafuta picha.

Xiuhe akazima kipaza sauti. Alitaka kucheka, akajizuia, mwishowe midomo ikaanza kumtetemeka. Kok Wai akamshika mkono, naye hakuutoa.

"Niambie kweli," alisema Kok Wai. "Pale nyumbani, ulikuwa unalia kwa desturi au unalia kweli?"

"Sijui. Nilianza kwa desturi. Nikafika katikati, nikashindwa kutoka."

"Sasa unataka nibaki au niende?"

"Nenda."

"Nenda ya kweli, au nenda ya kutaka nibaki?"

"Kok Wai, ningekuwa najua ningekuwa nimeshakwambia. Ukibaki utafukuzwa kazi, na siku tukigombana utanikumbusha. Ukienda, mimi nitakuwa mjinga mara ya pili. Nichague lipi hapo?"

"Nakupenda."

"Najua unanipenda. Shida yangu si kupendwa. Kila siku unanitafutia nafasi katikati ya mambo yako, nami nimechoka kuwa mahali pa kupitia. Twende, basi la kushuka linajaa."

Alimpandisha kwenye basi, akamfungia na zipu ya koti kama mtoto. Kisha akageuka, hata kupunga mkono hakupunga. Niambieni nyinyi, msichana anayekufukuza huku anakufungia zipu, unamwelewaje?

*

Stesheni, Kok Wai alikaa na tiketi mkononi. Akaandika:

"Nimefika stesheni."

Jibu likaja: "Safari njema."

Kisha likaja jingine. Kabla hajalisoma, likafutika, pakabaki maandishi madogo tu kwamba Xiuhe ameondoa ujumbe.

"Umeondoa nini?"

"Hakuna kitu."

"Xiuhe, ulikuwa umeandika nini?"

"Nilikosea kubonyeza. Panda treni."

Treni ya mwendokasi ya Changsha ikatangazwa. Watu wakainuka na masanduku yao. Kok Wai naye akainuka, akakaa, akainuka tena. Mtu akikufutia neno lake usoni kwako, utalala usingizi gani? Akampigia mzee Foo.

"Bosi, kesho sitakuwepo. Mtume Ah Seng asaini."

"Umeanguka mlimani?"

"Hapana."

"Unaumwa?"

"Hapana, bosi. Kuna mtu huku. Nilipaswa kukwambia tangu mwanzo. Sikuja kuona mlima."

Mzee Foo akavuta pumzi ndefu.

"Ah Wai, nakupenda kama mwanangu, lakini pampu ni pampu. Kesho usipotokea, usinitafute tena."

"Sawa, bosi."

Alikata simu. Hakujiona shujaa hata kidogo. Alijiona mtu asiye na kazi, mkononi ana tiketi ya treni iliyokwisha kuondoka, na hajui kama anakoelekea atafunguliwa mlango.

*

Kulipopambazuka alikuta uwanja wa nyumba ya kina Tian umejaa watu, gari la bwana harusi limepambwa maua, na ndani ni vurugu. Wanawake wanagombana kwa kilugha chao, wote kwa pamoja. Yeye haambulii hata neno. Kwenye benchi, binamu mmoja wa kiume amelazwa chali, anakoroma, ananuka pombe ya mahindi kutoka mlangoni.

Mama yake Xiuhe akamwona.

"Wewe. Hukwenda?"

"Sikwenda, mama."

"Na kazi?"

"Sidhani kama ninayo tena."

Mama akamkagua toka utosini mpaka viatuni, vile mtu anavyokagua mfuko kama utahimili mzigo.

"Mgongo wako mzima?"

"Mzima."

"Inama."

"Niiname?"

"Mama, hapana!" Xiuhe akatokea chumbani mbio, nywele hazijamaliza kusukwa. Alipomwona Kok Wai akaduwaa, mkono mdomoni. Kisha akamvuta pembeni. "Usiiname. Hujui unachoambiwa."

"Kweli sijui. Tangu jana sijui chochote. Nieleze."

"Bibi harusi hakanyagi chini mpaka garini. Hubebwa na kaka yake. Sisi hatuna kaka, na baba alishafariki. Binamu ndiyo huyo, ameleweshwa na watu wa bwana harusi."

"Basi nitambeba mimi. Kuna ubaya gani?"

"Asiye na kaka hubebwa na mume wa dada yake." Sauti ikamshuka. "Kijiji chote kiko nje, Kok Wai. Wale wale waliokula nguruwe. Ukitoka na Xiuman mgongoni, umeshajitambulisha. Huwezi kesho kurudi ukasema ulikuwa unasaidia."

Kok Wai akatazama nje. Watu wamejipanga pande zote mbili za njia, simu juu tayari kupiga picha.

"Jana uliniambia nenda."

"Ndiyo."

"Leo usiniambie kitu usichokitaka. Sina akili iliyobaki ya kutafsiri. Unataka niiname au hutaki?"

Machozi yakamshuka Xiuhe, hakuyafuta wala hakutoa sauti yoyote. Akamvua begi lile mgongoni kwa mikono yake mwenyewe, akalikumbatia.

"Inama," alisema.

Akainama. Xiuman akapandishwa, mzito na sketi zake nyekundu na vito vya fedha vinavyogongana, akamshika shingo nusura amnyonge.

"Taratibu, shemeji," alimnong'oneza sikioni. "Ukiniangusha dada atatuua wote wawili."

Fataki zikalipuka. Kok Wai akatoka mlangoni, moshi machoni, Xiuhe pembeni yake na begi kifuani. Kelele zikapungua. Watu wakainua shingo wakiulizana. Jirani mmoja, yule ambaye hakukosa hata sahani moja siku ya nguruwe, akapaza sauti makusudi ili kila mtu asikie:

"Mama Xiuhe! Huyo aliyembeba binti yako ni nani?"

Mama hakugeuka kumtazama. Alikuwa akimwondolea Kok Wai kokoto njiani kwa ncha ya kiatu.

"Mkwe wangu," alisema. "Alichelewa njiani."