Bastola Nyepesi ya Ismail

Wenzangu wa Matungu, mlioijua nyumba ya Ismail Abdulfatah, mnakumbuka raha iliyokuwamo. Alasiri za Ijumaa yeye na mkewe Zeituni walikaa barazani wakinywa chai ya tangawizi, na binti yao Laila, aliyekuwa akisomea ualimu, akiwasimulia vituko vya chuo hadi wakashika mbavu.

Mwaka wa 1994 majambazi walimsimamisha Ismail njia ya Kabras. Walichukua marobota yake ya vitambaa, wakampasua kichwa kwa panga. Jeraha lilipona. Hofu haikupona. Hata mgeni akibisha hodi mchana, moyo ulimwenda mbio.

Aliomba leseni ya bastola, akapewa. Akaenda Nairobi kwa fundi wa silaha aitwaye Phineas, ambaye alimpangia bastola tatu mezani. Ismail alizipima mkononi moja moja, akazirudisha.

"Nzito hizi. Nataka ya kutembea nayo kutwa kucha chini ya koti, mtu asijue. Nitengenezee nyepesi. Kifyatulio kiwe laini, na hiki chuma kinachokikinga ukikate. Kidole changu kinene."

"Mzee, chuma hicho hakikuwekwa kwa urembo," Phineas akasema. "Na kifyatulio kigumu hukupa nafasi ya kufikiri."

"Jambazi atanipa nafasi hiyo?"

Phineas alikataa kazi. Ismail akatafuta fundi mwingine, asiyeuliza maswali, akatengenezewa kama alivyotaka.

Nyumbani hakumwambia mtu. Zeituni aliona tu kwamba mumewe havui koti.

"Baba Laila, jua lote hili na koti? Unaumwa?"

"Baridi imeniingia."

Ndugu msomaji, baridi gani ya Matungu mwezi wa Februari? Lakini Zeituni aliyameza maneno yake, akamwekea chai.

Ijumaa moja, baada ya swala, Ismail aliketi barazani. Laila alichutama karibu naye akichambua kunde. Ismail akatia mkono mfukoni mwa koti, humo ilimolala bastola, atoe tasbihi. Uzi ukakwama mahali. Akauvuta.

Mlio ulitikisa mabati.

Laila alilitazama goti lake kwanza, kisha akamtazama babake. "Baba, ni nini hiyo?"

Zeituni, aliyetoka ndani mbio, alikuwa amekwisha kuivua leso yake, anaufunga mguu huku akilia, "Umeleta nini kwa nyumba yangu? Umeleta nini?"

Laila alinusurika, ila mguu ulikatwa juu ya goti. Polisi waliichukua bastola pamoja na leseni. Wiki ya pili hospitalini, binti alimshika babake mkono.

"Ungetuambia tu, Baba. Tangu siku ile walipokukata, hata mimi nilikuwa naogopa."

Ismail alitoka nje, akauegemea ukuta, akalia mbele za watu kama mtoto. Siku hizi Laila anafundisha darasa la kwanza, akisimama kwa magongo. Babake humsindikiza kila asubuhi hadi langoni. Majambazi wale hakuwaona tena. Risasi aliyowawekea ilimpata mwanawe.

MAFUNZO

Ndugu zangu, mwenye hofu na aiseme kwa watu wake kabla hofu haijawa mshauri wake. Na anayetafuta silaha, hata kwa leseni halali, asitazame wepesi wa kuibeba tu. Awatazame kwanza wanaoketi karibu naye. Fundi anayeijua kazi yake akikukataza, rudi nyumbani ukalale juu ya neno lake. Ismail alikatazwa mara moja, kwa upole, naye akalipita onyo hilo akitafuta mtu wa kumkubalia.